Shimo Litalala na Nani

Swali lake lilikuwa hilo hilo kwa kila mtu. Ungefika mezani kwake karatasi zako zimekamilika, mchoro upo, barua ya ofisi ipo, mihuri yote ipo, naye angezisoma akiwa amezishika mbali na macho, kwa sababu miwani aliiona ni mambo ya wazee na yeye hakujihesabu humo. Halafu angezilaza mezani, aziwekee kiganja juu, akutazame.

"Na hilo shimo litalala na nani?"

Mara ya kwanza sikumwelewa. Nilikuwa mgeni kazini, fundi sanifu wa maji hapa Bariadi, na nilikuwa nimetumwa kuomba kibali cha kukata barabara ya vumbi nyuma ya soko ili tubadilishe bomba lililooza. Nikamjibu kwamba mashimo hayalali, mzee. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Akanisogezea karatasi zangu.

"Ukipata wa kulala nalo, urudi."

Alikuwa anaulizia mlinzi. Mtu wa kukaa pale na taa na utepe mpaka mtaro ufukiwe, ili mpita njia asije akatumbukia. Nilirudi siku iliyofuata na jina la mlinzi na namba yake ya simu. Alimpigia pale pale mbele yangu. "Wewe ndiye utalala na shimo la huyu binti? Haya. Usinywe siku hiyo." Ndipo akasaini.

Tulimwita Mzee wa Vibali. Jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Kazi yake katika ofisi ya barabara ilikuwa hiyo moja: yeyote aliyetaka kuchimba barabarani, sisi wa maji, wenzetu wa umeme, watu wa nyaya za mitandao, alipitia kwake kwanza. Barabara za vumbi alisaini mwenyewe. Za lami alikagua tu, sahihi ilikuwa ya mhandisi mkuu. Naomba msomaji ashike hilo, maana kila kilichompata kilitokana na hilo.

Na niseme mapema: kazi hiyo aliipoteza kwa ajili yangu. Sikusema kwa kosa langu. Walioulizwa wote walisema si kosa langu, na yeye mwenyewe alisema hivyo kwa mdomo wake. Nimejaribu kuishi na maneno hayo kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Vinaingia, ila sitembei vizuri.

Asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, alikuwa anatembea mitaani na mwavuli mweusi, iwe masika au kiangazi. Haukuwa wa mvua. Alipofika mahali palipochimbwa karibuni alisimama, akaugeuza, akachoma udongo kwa ncha yake. Ncha ikizama, mtu fulani siku hiyo alikuwa na shida. Mafundi wa mitandao walimchukia kwa ajili ya mwavuli ule kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote. Wao walizoea kufukia kwa majembe mawili matatu na kuondoka. Udongo wetu huku ni ule mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukifukia ovyo, mvua moja tu inakuumbua.

Siku moja nilimkuta amechuchumaa katikati ya njia karibu na stendi, bodaboda zinampigia honi kushoto na kulia, anabishana na kijana wa kampuni ya simu juu ya mtaro uliopungua kina cha kiganja kimoja.

"Baba, watakugonga," nikamwambia.

"Wakinigonga mimi wameona," akajibu bila kuinua kichwa. "Shimo hawataliona."

Mtu akisikia hayo atadhani nyumbani kwake palinyooka kama rula. Hapana. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimama kwa kuburuza kiatu, na kiatu cha kulia kilikuwa kimeisha upande mmoja. Tena aliwahi kuchimba mfereji mbele ya nyumba yake, wa kutoa maji uani, akauacha wazi mpaka mbuzi wa jirani akatumbukia na kuvunjika. Mke wake alinisimulia habari hiyo mzee mwenyewe akiwa amekaa pale, akinywa uji kama hasikii.

"Nikamuuliza, huyu mbuzi umemwachia alale na nani?" mke akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Siku hiyo hakula."

"Nilikula," mzee akasema.

"Ulikula usiku, ukidhani nimelala."

Alipenda mashati yaliyopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Alipenda kusalimiwa kwa Kisukuma na watu wa ofisini waliotoka mbali, na alikuwa anawasahihisha hadharani hadi wengine wakaacha kumsalimia kabisa. Mimi aliniita mayu, kama wanavyoitwa wanawake huku kwa heshima hata wakiwa wadogo, lakini nilipokosea mchoro niligeuka kuwa "wewe wa maji."

Kuna jambo ambalo sijaweza kumsamehe, na nalisema ili nisionekane nampamba. Mtaa mmoja wa upande wa mlimani ulikatikiwa maji karibu na Pasaka. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya njia yao ya vumbi, kazi ya nusu siku. Alikataa kusaini. Alisema vibao vyetu vya tahadhari vimefutika rangi, havisomeki, na njia ile ina watoto wa shule. Tukaomba vipya makao makuu. Vikachelewa. Watu wakaila sikukuu yote wakichota kwenye dimbwi walimonywea ng'ombe. Nilikuwa nimesimama pamoja na wanawake wa pale, ndoo zimepangwa mstari mrefu, yeye akapita na mwavuli wake.

"We baba," mama mmoja mzee akamwita, "wewe hukuzaliwa? Hukuogeshwa?"

Alisimama. Nilidhani atajibu kitu kikali. Alimwamkia tu, "Mwangaluka, mayu," akapita, shingo imekakamaa. Kesho yake nikarudi kumwomba tena. Alikataa tena. Vibao vilipofika alisaini bila hata kuuliza swali lake. Hakuna aliyeumia pale. Ila watoto waliharisha, na hilo nalo lilikuwa lake.

Nilimuuliza siku moja kwa nini yuko hivyo. Najua aliwajibu watu tofauti majibu tofauti. Wengine aliwaambia ni sheria, wengine kwamba ameona mengi. Mimi aliniambia, "Mayu, mimi nikilala nasikia baiskeli ikitumbukia shimoni." Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu akikwambia jambo kama hilo hupaswi kucheka.

Ndipo ikaja siku ya bomba kuu.

Lilipasuka asubuhi, chini ya lami, jirani na kituo cha afya. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Muuguzi wa zamu akanipigia simu yeye mwenyewe. Matangi yao yameisha, chumba cha upasuaji kimesimama, na wodi ya wazazi kuna wanawake watatu wako kwenye uchungu. Nilikimbia ofisi ya barabara karatasi zikiwa bado na wino mbichi. Mhandisi mkuu alikuwa Dodoma kikaoni, simu yake imezimwa. Hakuna aliyeachiwa kukaimu. Alikuwepo yeye peke yake, anakula muhogo wa kuchemsha kwenye gazeti.

Alisoma karatasi. Alizilaza. Akaweka kiganja.

"Litalala na nani?"

"Na mimi, baba."

"Hii ni lami. Sahihi si yangu."

"Najua."

Nilitaka kusema jambo la kumsukuma, nikajizuia. Namshukuru Mungu kwamba nilijizuia, kwa sababu leo ningekuwa na la zaidi la kubeba. Aliangalia muhogo wake. Kisha akauliza, taratibu, "Hao wanawake ni watatu?"

"Muuguzi kasema watatu."

Akafunika muhogo kwa gazeti, akachukua mwavuli. "Haya. Kateni. Mimi nitasimama barabarani."

Na alisimama. Alisimama katikati ya barabara, shati lake la pasi limelowa mgongoni, akiyapitisha magari upande mmoja kwa mwavuli kama trafiki, akiwafokea madereva wa malori ya pamba kwa Kisukuma na wengine kwa Kiswahili. Tulikata lami, tukachimba, tukakuta bomba limechanika kwa urefu. Mchana ulipogeuka maji yalikuwa yamerudi. Muuguzi akatoka hadi getini kutupungia mkono. Tulifukia kwa moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, tukashindilia tabaka kwa tabaka, naye akachoma kwa mwavuli. Haukuzama. Kiraka cha lami kilibidi kisubiri kibali kamili. Tukazungusha utepe, tukaweka mawe na kibao, mlinzi akakaa badala yangu.

Siku iliyofuata alasiri ikanyesha. Si mvua ya mchezo. Barabara nzima ikawa mto. Pembeni ya mtaro wetu udongo mweusi ukanywa, ukalegea, moramu ikazama. Maji yakaondoka na kibao. Mlinzi alikuwa amejibanza kwenye kibaraza cha duka, hatua chache tu, anasubiri ipungue. Nani angesimama kwenye mvua ile? Bodaboda ikaja ikiwa imembeba mama mmoja kutoka Dutwa. Dereva hakuona shimo, aliona maji. Yeye aliruka akachubuka. Mama akavunjika mguu.

Alikuwa anakwenda kumwona binti yake. Binti alikuwa amejifungua asubuhi ile, katika wodi ile ile ambayo maji yake tuliyarudisha kupitia shimo lile.

Nimejaribu mara nyingi kuyapanga mambo haya ili yatoke sawa. Hayatoki.

Uchunguzi ulikuwa mfupi. Nilieleza kwamba mimi ndiye niliyesimamia kufukia, na kwamba kama ni kosa la ufukiaji, ni langu. Walinisikiliza vizuri. Mwenyekiti wa kamati akasema ufukiaji hauna tatizo, mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida, na mlinzi alikuwepo. Wakamgeukia mzee. Nani aliruhusu lami ikatwe bila sahihi ya mhandisi mkuu?

"Mimi," akasema.

Akaulizwa kama ana la kujitetea. Angeweza kutaja wodi. Angeweza kutaja simu iliyozimwa. Nilimkazia macho atamke. Alisema, "Utaratibu naujua. Nimewakatalia watu wengi kwa utaratibu huo huo." Akakaa.

Wakamtoa kwenye vibali, wakampeleka stoo kuhesabu koleo na ndoo. Hakukaa sana. Akaomba kustaafu mapema, akahamia Nassa, kwenye mashamba yao.

Mimi, Mei Mosi iliyofuata, nilipewa cheti cha mfanyakazi bora. Msemaji aliusifu moyo wangu wa kurudisha maji kituo cha afya kwa muda mfupi. Watu walipiga makofi. Nilikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikapiga picha na wakubwa. Lilikuwa shimo lile lile.

Tangu hapo nikaanza kwenda Nassa. Kila gari letu lilipokuwa na safari ya upande wa Busega nilitafuta nafasi. Nilipeleka sukari, sabuni za miche, safari moja kitenge cha mke wake. Tulikaa chini ya paa la banda la ng'ombe, tukazungumza mambo yale yale. Mimi nilisema haikuwa haki. Yeye alisema utaratibu ni utaratibu. Mimi nilisema ningepaswa kutafuta mtu mwingine wa kusaini. Yeye alisema hapakuwa na mtu mwingine. Nikaondoka nikiwa nimepumua kidogo, na kabla ya kufika Bariadi pumzi ilikuwa imeisha.

Safari ya mwisho ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno. Nilimkuta anamtoa ndama kupe, goti moja chini, shati limechanika begani. Hakuwa na pasi huko, au hakuijali tena.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Umeleta nini tena?"

Nikacheka, nikainua mfuko wa sukari. Hakucheka.

"Kaa. Leo nina neno."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwachia ndama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Yule mama wa Dutwa nilikuwa namwendea. Ulijua?"

"Sikujua."

"Kila nikipata nauli. Napanda basi la Bariadi, nashuka Dutwa, nampelekea mchele. Akinikaribisha, namuuliza mguu. Ananiambia habari za mguu. Narudi." Akatema mate pembeni. "Safari iliyopita alinisimamisha mlangoni. Akaniambia, mzee, mguu ulishapona. Nalima, nachota maji, sokoni nakwenda kwa miguu. Lakini ukija wewe naanza kuchechemea."

Nikauweka mfuko wa sukari chini.

"Kweli, alikuwa anachechemea. Alipotoka shambani nilimwona kwa mbali, alikuwa anatembea vizuri. Aliponitambua akaanza."

"Akaukataa mchele?"

"Mchele aliuchukua. Akasema huo ni wa mwisho."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta mahindi karibu na mlango, akacheka kidogo. Mzee aliendelea kunitazama mimi, na nikaanza kuelewa neno linaelekea wapi, nikatamani gari lipige honi.

"Basi nilirudi kwenye basi nikakasirika njia nzima," akasema. "Nikasema huyu mama hana shukrani. Nilipofika hapa nikafikiri. Na mimi, wiki nzima niko na ng'ombe wangu. Nimesahau ofisi, nimesahau hata kamati. Kisha naona gari lenu linakunja pale kwenye kona. Narudi kuwa mzee wa vibali aliyefukuzwa."

"Hukufukuzwa, baba. Ulistaafu, na haikuwa—"

"Unaona? Tumeanza."

Uso ulinichoma moto. Safari zote zile nilizozihesabu kuwa wema wangu zilipita mbele yangu na mifuko yao ya sukari, na nikaona kila mara ni nani aliyeondoka akiwa mwepesi, na nani aliyebaki na mzigo.

"Nisije tena?" nikauliza.

Alikuna kidevu. Alichukua muda mrefu, na sidhani alikuwa anatafuta maneno mazuri. Nadhani alikuwa anapima kweli kweli kama anataka nije.

"Njoo. Njoo ukiwa na shida, nikusikie. Njoo ununue ng'ombe. Lakini lile jambo ulitupe huko huko, au ukae nalo mwenyewe. Humu ndani nimelichoka." Akainua mfuko, akaniwekea magotini. "Na hii urudi nayo."

"Sukari imekosa nini?" mke wake akauliza.

"Irudi."

"We mwanaume!"

"Nimesema irudi."

Akanisindikiza hadi kwenye gari. Tulitembea, mimi nimekumbatia mfuko wangu kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule. Dereva alikuwa ameshawasha. Nilikuwa nimeshaingia, mlango bado wazi, yeye akauegemea.

"Mayu," akasema, "wewe una watoto?"

Nilimtazama. Nilidhani ananitania.

"Ninaye mmoja, baba. Wa kike."

"Mkubwa?"

"Ameanza darasa la kwanza."

"Anaitwa nani?"

"Minza."

"Minza." Alilirudia jina polepole. Mtoto huyo nilimzaa mwaka uliofuata ule wa bomba. Nilikuwa naye tumboni nilipokwenda Nassa mara ya kwanza, na baadaye nilikuwa namwacha kwa mama yangu ili niende huko. Nilikuwa nimekaa kwenye banda lile sijui mara ngapi, nikinywa maziwa yao, na sikuwa nimewahi kumtaja.

"Kumbe," mzee akasema. Akaufunga mlango kwa mikono yote miwili, taratibu, akarudi kwa ndama wake.